Kuwalea mabinti walioko gerezani: kazi ianze kabla hawajatoka

Dada uliyeuliza, umeeleza kwamba kikundi chenu cha ibada kinataka kuwatembelea wasichana waliofungwa na kuwasaidia watakapomaliza vifungo vyao, na umetaka kujua mambo mawili: mwanzie wapi, na je, ni haki kumtaka binti ahudhurie ibada ndipo asaidiwe. Nimekuwa mlezi katika huduma ya namna hii kwa miaka kadhaa, nami nitaanza na swali la pili, kwa kuwa jibu lake ndilo linaloamua mengine yote.

Si haki, na tena haifai. Kanuni za Nelson Mandela kuhusu namna ya kuwatendea wafungwa, ambazo Umoja wa Mataifa ulizipitisha mwaka 2015, zinasema katika kanuni ya 65 kwamba mfungwa asinyimwe nafasi ya kuonana na kiongozi wa dini yake, na kwamba akikataa kutembelewa na kiongozi wa dini yoyote, msimamo wake uheshimiwe kikamilifu. Sisi waumini hatuhitaji hata kufika huko. Mathayo 25 inamtaja aliye kifungoni, na aya ya 8 ya Surat Al-Insan inamtaja mfungwa pamoja na maskini na yatima, na hakuna kati ya hizo inayoweka sharti lolote kwa anayesaidiwa. Binti aliye gerezani hujifunza mapema kusema yale ambayo wenye mamlaka juu yake wanapenda kuyasikia. Ukimwekea sharti la ibada, atasali vizuri mbele yako, wala hatakuambia kwamba siku ya kutoka hana pa kulala, nawe utakuwa umeipoteza habari uliyoihitaji kuliko zote. Wengi wa wale walioniomba tusali pamoja walikuwa ni wale ambao sikuwa nimewagusia jambo hilo kabisa.

Katika hili namkumbuka sana Elizabeth Fry, mwanamke Mwingereza wa madhehebu ya Kikristo ya Quaker, aliyeingia kwa mara ya kwanza katika gereza la Newgate, London, mwaka 1813. Aliporudi mwaka 1817 na kuanzisha chama cha kuwasaidia wanawake wa gereza hilo, alianza na shule ya watoto waliokuwa wakiishi humo na mama zao, na mwalimu akachaguliwa miongoni mwa wafungwa wenyewe. Kanuni za maisha ya pamoja zilisomwa mbele ya wanawake hao, nao wakaziridhia kwa kuinua mikono. Alikuwa mcha Mungu asiyeficha imani yake, aliyewasomea Biblia mara kwa mara, lakini aliwatendea kama watu wenye akili na hiari. Msichana aliyezoea kuamuliwa na kila mtu, kuanzia baba au mpenzi hadi askari, huhitaji sana kuulizwa yeye mwenyewe anataka nini.

Sasa kuhusu mahali pa kuanzia. Onaneni na mkuu wa gereza na afisa ustawi wa jamii kabla ya kuonana na binti yeyote, mjue taratibu za kuingia, kisha mpange mlezi mmoja kwa binti mmoja, miezi kadhaa kabla ya tarehe ya kuachiwa. Kanuni za Bangkok za mwaka 2010, ambazo ni za Umoja wa Mataifa pia na zinahusu wanawake wafungwa, zinazitaka mamlaka za magereza katika kanuni ya 46 zishirikiane na vikundi vya jamii kuandaa mipango ya kuwarejesha wanawake uraiani, kabla na baada ya kutoka, kwa hiyo mnapobisha hodi hamwombi upendeleo. Zingatieni pia kwamba wanawake ni takriban asilimia 7 tu ya wafungwa wote duniani. Kwa sababu hiyo magereza yao ni machache, wengi hufungwa mbali na kwao, na ndugu huchoka kuja. Huenda mlezi akawa mgeni pekee anayemtembelea binti huyo. Mlezi akisema atakuja Jumanne, aje Jumanne. Asiyeweza kushika ahadi ndogo ya namna hiyo apewe kazi nyingine katika kikundi, maana binti huyu ameshaachwa na wengi.

Siku za kwanza baada ya kutoka ndizo za hatari kuliko zote. Kaeni naye mapema, mwandike pamoja mambo ya siku ya kwanza: atalala wapi, nani atampokea langoni, vitambulisho vyake viko wapi, dawa zake zitatosha hadi lini, na ni lini anatakiwa kuripoti kwa afisa anayemsimamia. Aliyekuwa akitumia dawa za kulevya aelezwe waziwazi kwamba mwili wake umepoteza ule uzoefu, na kwamba kiasi alichokuwa akikitumia zamani kinaweza kumuua sasa. Angalieni hata siku ya wiki, kwa kuwa anayeachiwa Ijumaa hukuta ofisi zinafungwa, naye hubaki siku mbili bila msaada. England na Wales zilipata sheria mwaka 2023 inayoruhusu mfungwa wa aina hiyo atolewe mapema kidogo.

Jambo ambalo ningewasihi mno mliepuke ni kumsimamisha madhabahuni atoe ushuhuda. Najua nia huwa njema, na waumini hutiwa moyo. Lakini msichana wa miaka ishirini anayetafuta kazi na chumba cha kupanga hana sababu ya kuwatangazia watu kosa lake, na akishalisema haliwezi kurudishwa. Vilevile anawekwa mahali ambapo akiteleza ataona aibu kurudi kwenu, hali siku ya kuteleza ndiyo anayowahitaji zaidi.

Msiharakishe pia kumwambia asamehe na arudi nyumbani. Wengi wa mabinti hawa waliumizwa kabla hawajaumiza wengine, na mara nyingine aliyewaumiza ndiye anayewangoja. Kanuni ya 44 ya Bangkok inataka mwanamke aulizwe ni nani aruhusiwe kumtembelea, hata kati ya ndugu zake, kwa sababu ya ukatili ambao wengi wao wameupitia majumbani. Mfanye hivyohivyo kuhusu makazi yake: aulizwe faraghani, aaminiwe, na kama pale nyumbani hapana usalama, atafutiwe pengine. Akiwa na mtoto, msimwahidi kwamba atarudishiwa malezi mara moja. Mtafutieni msaada wa sheria.

Kuhusu mipaka, inatosha kusema kwamba mlezi hapeleki barua wala vifurushi kwa siri, hamkopeshi fedha, na hamchukui kuishi kwake.

Mwisho, pangeni kuwa naye kwa muda usiopungua mwaka mmoja baada ya kutoka, na tangu mwanzo awepo mlezi wa pili anayemfahamu binti, ili wa kwanza akiugua au akihama, binti asianze upya na mtu asiyemjua. Kama hivi sasa mna akina mama wanne tu wanaoweza kujitoa kwa kiwango hicho, chukueni mabinti wawili.