Je, chuma mguuni kinakula mfupa?

SWALI: Daktari, nilivunjika mfupa wa paja kwa ajali ya bodaboda, nikawekewa bamba la chuma na skrubu. Sasa ni mwaka na nusu. Eksirei inaonyesha mfupa umeunga, ila nimeambiwa sehemu iliyo chini ya bamba imekuwa nyembamba. Watu wanasema chuma kinakula mfupa, nikakitoe haraka. Ni kweli?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Pole sana kwa ajali, ndugu yangu. Chuma hakiwezi kula mfupa. Bamba limeupokonya mfupa wako kazi, na mfupa usio na kazi hubomolewa na mwili wenyewe.

Mfupa wa mtu mzima haukomi kujengwa. Kila siku seli ziitwazo osteoklasti hukwangua mfupa mkongwe, na osteoblasti hufuata nyuma zikijenga mpya. Zinazotoa amri ni osteosaiti, seli zilizozikwa ndani ya mfupa. Ukikanyaga, mfupa hupinda kidogo sana, majimaji katika vijia vyake husukumwa, na osteosaiti huuhisi msukumo huo. Hapo hupunguza sklerostini, protini inayozuia ujenzi. Zisipohisi kitu, sklerostini hupanda na ukwanguaji hushinda. Julius Wolff aliandika huko Ujerumani mwaka 1892 kwamba mfupa hujipanga kulingana na mzigo unaoubeba, na leo ushahidi ni mwingi: wanaanga, ambao miguu yao haibebi uzito, hupoteza asilimia 1 hadi 1.5 ya mfupa wa nyonga kila mwezi.

Sasa tazama paja lako. Chuma cha pua kina ugumu wa takriban jigapaskali (kipimo cha ugumu) 200, mfupa wa paja hauzidi 20 hivi. Vikifungwa pamoja, kilicho kigumu zaidi hubeba sehemu kubwa ya mzigo. Titani, yenye 110 hivi, huuachia mfupa kazi zaidi. Unene nao una nguvu kubwa: bamba likiongezwa unene mara 2, ugumu wake wa kupinda hupanda mara 8. Msumari unaopitishwa ndani ya uroto, kama ule wa shirika la SIGN unaotumika sana katika hospitali zetu, hukaa katikati ya mfupa na hugawana nao mzigo vizuri zaidi, ingawa nao ni wa chuma cha pua.

Haki itendeke kwa bamba, hata hivyo. Bila ugumu wake vipande vingechezacheza na mfupa usingeunga. Tena Stephan Perren, mtafiti wa Davos, Uswisi, alionyesha kwamba wembamba wa wiki za mwanzo hutokana zaidi na bamba kubana mishipa midogo ya damu juu ya mfupa, ndiyo maana mabamba ya baadaye yalichongwa mifereji upande wa chini. Lakini kwa mwaka na nusu kama wewe, mimi naangalia mzigo kwanza.

Na mzigo una kipimo chake. Mwaka 1984 Clinton Rubin na Lance Lanyon waliupa mfupa wa bawa la ndege mikandamizo 36 tu kwa siku, ukanenepa. Walipoipandisha hadi mamia, faida haikuongezeka. Mzigo uliotulia, usiopanda na kushuka, hauufaidii mfupa kwa namna hiyo. Kwa hiyo kusimama dukani kutwa si mazoezi ya mfupa. Kupanda ngazi, kutembea kwa hatua za haraka, kuinuka kitini mara kadhaa, kila siku, ndiyo dawa, na kufululiza mazoezi kwa muda wa saa 3 Jumapili moja hakuwezi kuziba pengo la siku sita za kukaa. Kama daktari wako amethibitisha kwamba umeunga na bado unatembelea magongo kwa hofu, mwombe mtaalamu wa fiziotherapia akusaidie kuyaacha.

Kulitoa? Kwa mtu mzima asiye na maumivu, maambukizi wala skrubu iliyolegea, mimi sioni sababu ya kufanya hivyo. Kama ipo sababu, bamba la paja halipendezi kuguswa kabla ya miaka 2 hivi. Hatari wasiyoielewa wengi ni ile ya baada ya kulitoa: mfupa bado mwembamba, una matundu ya skrubu, na mzigo wote unaurudia siku moja. Tundu hudhoofisha mfupa hasa dhidi ya kusokotwa, yaani mguu ukikwama chini na mwili ukageuka. Nimewaona watu wakivunjika upya katika miezi hiyo. Kutembea, ndiyo; lakini mpira, kubeba magunia na kuendesha bodaboda uvisubirishe miezi 3 hadi 4, upewe ruhusa baada ya picha.

Ukisikia maumivu mapya ya paja unapokanyaga, bamba likiwapo au limeshatolewa, nenda ukapige eksirei siku hiyohiyo, usingoje tarehe ya kliniki.