Barua kwa mwanangu: jibu la swali lako kuhusu Maria Firmina

Mwanangu mpenzi,

Meseji yako nimeisoma. Unauliza kwanini kila tukiongelea vitabu lazima nimtaje Maria Firmina dos Reis, yule mwandishi mweusi wa Brazil, halafu ukaongeza swali gumu zaidi, kwamba riwaya yake ilimsaidia nani wakati watu walikaa miaka mia hata hawajui kama ipo. Umeuliza vizuri mama, ngoja nikujibu.

Alizaliwa 1822 São Luís, jimbo la Maranhão huko Brazil, na mama yake Leonor Felipa alikuwa mtumwa aliyeachiwa huru. Sasa we fikiria, mtoto wa mwanamke huyo, mweusi, kwenye nchi ambayo kumiliki mtu ni halali kabisa, 1847 anafaulu mtihani wa serikali na kupata kazi ya ualimu wa shule ya msingi Guimarães, halafu 1859 anatoa riwaya, Úrsula, na jina lake haliweki, kaandika tu kwamba ni mwanamke wa Maranhão.

Ukiisoma harakaharaka utasema ni ya mapenzi tu, Úrsula na Tancredo wanapendana, mjomba mtu, Fernando, katili, anamtaka binti kwa nguvu. Sawa. Lakini we nenda moja kwa moja kwenye sura ya bibi Susana, mtumwa mzee aliyeletwa kutoka Afrika. Kijana Túlio, mtumwa, amekombolewa kwa pesa za Tancredo, anakuja kwa furaha kumwambia bibi kwamba sasa yuko huru, anataka amfuate mkombozi wake. Bibi anamuuliza, wewe, huru? Ndo anaanza kumsimulia uhuru aliokuwa nao yeye Afrika, mume wake, binti yake mdogo, mahindi na karanga zimekomaa, asubuhi moja katoka kwenda shamba mtoto kamwachia bibi yake, na huko njiani wanaume wawili wakamkamata wakamfunga, mtoto hakumwona tena mpaka leo. Akatupwa ndani ya meli na wenzake 300, siku 30, chakula kichafu, wengine wanakufa pembeni yake kwa kukosa hewa na maji. Mi nikifika hapo huwa naweka kitabu chini kwanza, manake hata huku kwetu tunaijua biashara hiyo, soko la Zanzibar lilifungwa 1873 tu, na wengi sana wa Msumbiji walipelekwa hukohuko Brazil.

Na hapo ndo ukubwa wake ulipo kwangu. Waandishi wengi wa enzi ile waliopinga utumwa walituonyesha mtumwa analia ili tumwonee huruma, lakini Firmina kamwacha Susana aseme mwenyewe, kwa "mimi", na anayemkumbusha msomaji kwamba huyu mtu alikuwa na kwao, na mume, na shamba, ni Susana mwenyewe. Mwaka 1859, jamani!

Ilimsaidia nani? Siwezi kukwambia riwaya ile ilifuta utumwa, ulifutwa 13 Mei 1888, Brazil ikiwa ya mwisho Amerika yote. Ila yeye hakunyamaza, 1887 alitoa hadithi fupi, A Escrava, kuhusu mama aliyepata wazimu baada ya watoto wake mapacha kuuzwa. Na 1880 alishafungua shule ya bure, wavulana na wasichana darasa moja, watu wakakasirika na haikufika miaka mitatu ikafungwa. Akafa 1917, maskini na kipofu.

Kitabu chake kilikuja kuokotwa 1962, mwanahistoria Horácio de Almeida alikikuta kwenye duka la vitabu vya mitumba Rio de Janeiro, na 1975 kikachapwa tena. Hata picha yake hatuna, iliyozunguka miaka mingi ni ya mwandishi mwingine, mwanamke mweupe, na hilo linaniuma sana. Leo anasomwa vyuoni Brazil, na 2022 tamasha kubwa la vitabu la Paraty lilimpa yeye heshima ya mwaka. Kwahiyo ukiniuliza alimsaidia nani, nakujibu alimsaidia Susana, manake wenye meli waliacha hesabu za mizigo, yeye akaacha maneno ya waliobebwa.

Tafsiri ya Kiingereza ipo, itafute. Ukimaliza nipigie, nataka tubishane kuhusu mzee Antero, yule mtumwa mlevi aliyewekwa kumlinda Túlio asitoroke, mi namtetea sana na najua we utamlaumu.

Mama yako