Mi familia yangu naipeleka Norwei, na meli nimeshaichagua

Wiki hii mmeuliza: ukipata nafasi ya kupeleka familia nzima safari ya meli kwenye nchi ya baridi huko kaskazini, ungeenda wapi na ungejipangaje? Nimeona wengi watajibu kwa ndoto, sasa mi nijibu kama mtu ambaye yuko kwenye mipango kweli, maana hii habari kwetu imeanza kuongelewa tangu mwaka jana na daftari lake lipo. Ninauza spea za injini za boti huku Kirumba, Mwanza, kwa hiyo meli siyo kitu kigeni kwangu, ila meli ya kwenda kushangaa barafu ndo mara ya kwanza kuifikiria.

Mama Kulwa yeye alitaka Alaska. Aliona picha za nyangumi akaganda hapo hapo. Nikakaa nikasoma, na kitu nilichogundua ni kwamba meli za kitalii za Alaska nyingi zinaanzia Seattle Marekani au Vancouver Kanada, na kuna sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inayosema meli yenye bendera ya nchi nyingine haiwezi kubeba abiria kutoka bandari ya Marekani mpaka bandari nyingine ya Marekani hivi hivi, na ile ya kutoka Seattle na kurudi Seattle lazima iguse bandari ya nchi nyingine katikati. Kwa hiyo zinapita Kanada, mara nyingi kwenye mji unaitwa Victoria, yaani malkia yule yule aliyepewa ziwa letu na Speke. Mama Kulwa akasema basi hiyo ni dalili njema, nikamwambia dalili njema ni viza mbili za nchi mbili mara watu sita, kila mmoja na ada yake. Tukaachana nayo.

Hapo ndo nasema kwa wote mnaopanga: usianze na picha ya meli, anza na bandari. Angalia inaanzia wapi, inagusa wapi, inaishia wapi, halafu hesabu viza. Kuna safari za Norwei zinaanzia Southampton Uingereza, hapo unahitaji viza ya Uingereza na ya Schengen, ile viza moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya. Kuna zinazoanzia Kiel au Hamburg Ujerumani, au Copenhagen, au Amsterdam, hizo ni Schengen tupu, Norwei haimo kwenye Umoja wa Ulaya lakini Schengen imo. Ila hata hizo soma ratiba vizuri, ukikuta katikati meli inachungulia kisiwa cha Uskoti umeshatoka Schengen na unarudi tena, na viza ya kuingia mara moja hapo inakuwa shida.

Sasa mi nilichochagua siyo hata hizo hoteli zinazoelea zenye ghorofa kumi na kitu. Kule Norwei kuna meli za pwani, zilianza mwaka 1893, zinatoka Bergen kusini mpaka Kirkenes karibu na mpaka wa Urusi, bandari 34 njiani, kwenda na kurudi siku 12. Zinabeba watalii, sawa, lakini zinabeba pia mizigo na wenyeji wanaotoka mji mmoja kwenda mwingine. Kwenye bandari nyingine inasimama dakika kumi na tano, inashusha maboksi, mama mmoja na mkoba wake anapanda, inaondoka, hata kama ni saa nane ya usiku. Mtu wa Mwanza hiyo anaielewa bila kuelezwa, ni kama MV Victoria ikitoka hapa jioni inapita Kemondo inaamkia Bukoba, tofauti tu huku kuna ndizi na kule kuna maboksi ya samaki. Na uzuri wake unaweza kununua kipande. Sisi tunachukua Bergen mpaka Tromsø tu, usiku nne, halafu tunarudi na ndege. Nchi moja, viza moja, na hulipii siku 12 ambazo watoto watakuwa wameshachoka kuangalia milima.

Niwaambie kitu kuhusu ile milima na yale maji. Kule bahari inaingia ndani ya nchi katikati ya milima, wanaita fjordi, ilichongwa na barafu enzi hizo za zamani sana, barafu nene ikishuka kuelekea baharini inakwangua mwamba, ilipoyeyuka bahari ikajaa. Ile ndefu kuliko zote kule Norwei, Sognefjord, inaingia ndani kilomita 200 na ushee na kina chake kinafika mita 1,300 hivi. Ziwa letu na ukubwa wake wote ule, la kwanza Afrika, kina chake hakifiki hata mita 100. Nilivyomwambia jamaa yangu mmoja mvuvi wa Mwaloni alinyamaza kidogo akauliza, sasa nanga wanatupa wapi? Swali zuri sana hilo.

Muda wa kwenda ni Juni, shule zikifungwa. Na imegongana vizuri na kule, Juni ndo kiangazi chao, baridi ya pwani inakuwa nyuzi 10 mpaka 15 hivi. Watoto wanataka theluji, nimewaahidi wataiona juu ya milima, ya kuteleza nayo hapana. Na juu ya mstari wa Aktiki, ule unaozunguka dunia huko kaskazini kabisa, jua halizami, Tromsø ni kuanzia karibu tarehe 20 Mei mpaka karibu tarehe 22 Julai, saa sita usiku jua liko pale pale linakuangalia. Jirani yangu ustaadhi alivyosikia akauliza kwa hiyo magharibi huko inaswaliwa saa ngapi, nikamwambia wenyewe Waislamu wa kule wanakwenda kwa ratiba maalumu, wengine wanafuata ya Makka, akasema yeye na Nyegezi yake inamtosha. Halafu meli ikivuka huo mstari kuna mchezo wanafanya, abiria anayetaka anamwagiwa maji ya barafu shingoni kwenye mgongo, Kulwa na Doto wameshaanza kugombania nani awe wa kwanza.

Tuje kwenye viza na hela, hapa ndo watu wengi watapigwa. Viza ya Schengen unaruhusiwa kuomba mapema mwisho miezi 6 kabla ya safari, na isiwe chini ya siku 15. Kampuni nyingi za meli zinachukua kianzio ukikata, halafu hela yote iliyobaki wanaitaka kama miezi mitatu hivi kabla, nyingine chini ya hapo, soma mkataba wako. Umeona hapo? Kuna dirisha katikati. Omba viza miezi sita au mitano kabla ya safari ili jibu lije kabla hujamalizia hela kubwa, maana ukimalizia kwanza halafu ukanyimwa viza, kurudishiwa ni hadithi ndefu. Na kianzio chenyewe uliza kwa maandishi kama kinarudi au hakirudi. Ada ya viza kuanzia miaka 12 ni yuro 90, mtoto wa miaka 6 mpaka 11 yuro 45, chini ya 6 bure. Watoto chini ya miaka 12 hawachukuliwi alama za vidole ila sisi wakubwa lazima twende wenyewe, kwa hiyo weka na nauli ya Dar kwenye bajeti. Bima ya safari iwe ya yuro 30,000 kwenda juu. Pasipoti iwe inabakiza miezi mitatu baada ya kutoka kule, na ya mtoto anzia kwenye cheti cha kuzaliwa, kama jina limekosewa herufi moja rekebisha sasa hivi, usisubiri. Kama mzazi mmoja habebwi, barua ya ridhaa yake iwepo.

Hela yenyewe tunachanga kwenye kikoba cha familia, na kabini tumechagua za ndani zisizo na dirisha. Watu wanazidharau lakini dirisha la nini wakati jua lenyewe halizami, utashindwa kulala bure, mwanga ukiutaka unapanda juu deki. Na ukiwa mtu wa kutapika omba kabini ya katikati ya meli na ya chini, mbele na juu ndo kunarushwa zaidi.

Kazi kubwa ilikuwa mama yangu. Huku kwetu ukimwambia mtu wa umri wake neno meli, kwanza anakuuliza 21 Mei 1996 ulikuwa wapi. MV Bukoba ilizama ikiwa imebakiza kidogo tu ifike Mwanza. Mama alikuwa na watu wake mle, wawili wapo makaburi ya Igoma, na 2018 ya MV Nyerere pale Ukara ikamrudisha kule kule. Kwa hiyo sikumbembeleza kwa maneno ya raha. Nilikaa naye nikamwonesha kila kitu: kwamba huko abiria wanahesabiwa mmoja mmoja wakipanda, hakuna wa kudandia gatini; kwamba kuna mkataba wa usalama wa meli duniani uliotokana na Titanic, wa kwanza wa 1914, na siku hizi meli kubwa zinawafundisha abiria pa kukimbilia kabla ya kuondoka au mara tu zikiondoka; kwamba laifu jaketi za watoto ni za watoto kweli, siyo ya mtu mzima inafungwa kamba mara mbili. Aliuliza maji yale yana baridi kiasi gani. Nikamwambia ukweli, mayu, ni ya baridi sana, ila bahari ya pale haigandi hata Desemba kwa sababu kuna mkondo wa maji ya vuguvugu unatoka huko Atlantiki ya joto. Akanijibu, ng'wanawane (mwanangu), mi sikuuliza kuganda. Tukacheka. Kesho yake alimwambia mama Kulwa ampeleke kupiga picha ya pasipoti.

Nguo usinunue dukani, na huko Ulaya ndo kabisa usinunue. Nenda soko la mitumba la Mlango Mmoja asubuhi wakifungua belo. Majaketi mazito ya theluji Mwanza hayana mwenyewe, nani atayavaa na joto hili, muuzaji akikuona umelishika anajua leo ametua mzigo, wewe ndo unapanga bei. Tafuta lisilopitisha maji, siyo lile nene la pamba tu, maana Bergen mvua ni zaidi ya siku 200 kwa mwaka. Jaribu zipu mpaka juu, geuza uangalie mishono ya ndani. La Doto tulilikuta bado lina kikaratasi kimening'inia kwenye zipu, tiketi ya kupanda mlima kuteleza kwenye theluji, ina tarehe na picha ya mtoto wa kizungu. Lilitoka kule, likaja mpaka Mwanza, sasa linarudishwa kwao na Doto. Na msinunue moja nene, nunua tatu za kuvaa juu ya nyingine, mtoto akipata joto unampunguzia.

Chakula: ugali sahau, na meli nyingi haziruhusu chakula ulichopika nyumbani, kwa hiyo yule anayepanga kubeba dagaa wa kukaanga kwenye begi la mkononi ajue hivyo, na anajijua. Samaki wapo wa kutosha tena wakavu, visiwa vya Lofoten wanawaanika kwenye vichanja vya miti nje kwenye upepo bila chumvi, wengi wanauzwa Nigeria. Vinywaji na intaneti uliza kama vimo kwenye bei. Na ukishuka bandarini kutembea mwenyewe weka saa yako sawa na ya meli, hairudi kwa ajili ya mtu.

Aliyebaki kununa ni huyu wa form two, kwamba meli niliyochagua haina slaidi za maji wala sinema kama zile za rafiki zake wanazoziona kwenye simu. Nimemwambia kama haitaki nafasi yake aseme mapema, shangazi yake wa Sengerema ameshafuatilia pasipoti na wala hajaalikwa.