Maswali ya Wasomaji: Maboya Sita na Mchezaji Aishiye Mbali na Maji

Toleo hili tumetenga ukurasa wote kwa barua tatu kutoka Dodoma zinazohusu mchezo mmoja, yaani slalomu ya ski za maji, ambapo mchezaji huvutwa na boti akiwa amesimama juu ya ski moja na kuzunguka maboya sita yaliyopangwa kwa zamu kulia na kushoto. Barua ya kwanza imepewa nafasi kubwa kwa sababu imegusa kiini cha mchezo wenyewe.

Swali: Ndugu Mhariri, mimi ni mtumishi wa umma ninayeishi Ihumwa, nina umri wa miaka 36. Nilipokuwa masomoni Afrika Kusini, wenzangu walinipeleka kwenye bwawa moja lenye maboya ya slalomu, na tangu siku hiyo mchezo huu haujanitoka kichwani. Nilianza na ski mbili, nikahamia ski moja, na mwaka jana nilirudi huko wakati wa likizo kwa gharama yangu mwenyewe. Boti ikienda kilomita 46 kwa saa, kamba ikiwa ya mita 18.25, nalizunguka boya la kwanza na la pili, lakini la tatu hunishinda kila mara: ama napita upande wake wa ndani, ama kamba inalegea kisha inakaza ghafla na kuniangusha. Nguvu za mikono ninazo, kwa kuwa nanyanyua vyuma. Je, ninunue ski ngumu kama za wachezaji wa mashindano? Niombe boti iongezewe mwendo? Na nifanye nini katika miezi 11 ninayokaa Dodoma bila maji?

Jibu: Ndugu yangu, barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, kwa sababu mtu anayetoa likizo yake nzima ili apate dakika chache za maji tulivu ana kitu ambacho hakuna mwalimu awezaye kumpa. Kilinde. Lakini ski mpya usinunue, na mwendo usiongeze. Boya la tatu linakushinda tangu getini, yaani kwenye maboya mawili ya kuingilia uwanjani, kabla hata hujaliona.

Tuanze na hesabu ya uwanja, kwa maana wachezaji wengi huzunguka maboya kwa miaka bila kuijua. Kutoka geti la kuingilia hadi geti la kutokea ni mita 259. Boti hupita katikati bila kupinda, na kila boya liko mita 11.5 kutoka mstari huo wa katikati. Kutoka getini hadi usawa wa boya la kwanza ni mita 27, na kutoka boya moja hadi linalofuata, ukipima kwa kufuata njia ya boti, ni mita 41. Kwa mwendo wako wa kilomita 46 kwa saa, boti humaliza mita hizo 41 kwa sekunde 3.2 tu, na katika muda huohuo wewe unatakiwa uvuke mita 23 za upana, uzunguke boya, na uwe tayari kurudi ulikotoka. Hata kama ungevuka kwa mstari ulionyooka kama uzi, ungesafiri mita 47 wakati boti inasafiri 41. Na kwa kuwa boya halizungukwi kwa mstari ulionyooka, mchezaji wa slalomu lazima aende kasi kuliko boti inayomvuta.

Ukishaielewa hesabu hiyo utaona kwamba kuchelewa ni deni linaloongezeka. Ukifika boya la kwanza ukiwa umechelewa kidogo, unageuka ukiwa tayari umelipita, boti imeshasonga, na unalazimika kuvuta kwa nguvu zaidi na kwa muda mrefu zaidi ili ufike la pili. Kwa kuwa umevuta muda mrefu, unafika la pili ukiwa na kasi ambayo huwezi kuituliza, unageuka kwa kushtukia, kamba inalegea, na inapokaza tena inakukuta umesimama wima. Hilo ndilo anguko la boya la tatu unaloliandika. Kwa hiyo likizo ijayo, pasi zako chache za mwanzo, yaani mapito ya uwanjani, ziache zote ziwe za geti peke yake. Jitoe mapema upande wa kushoto wa boti, sogea mbele hadi ukaribie kuwa sambamba nayo, tulia hapo ski ikiteleza bila kuzama, kisha geuka bila papara na upite getini huku tayari umeegemea dhidi ya kamba. Ukilikosa boya la kwanza baada ya geti zuri, usihuzunike. Umejifunza zaidi kuliko yule aliyelipata baada ya geti baya.

Jambo la pili ni mahali pa kuvuta. Karibu kila anayeanza huvuta kwa nguvu zake zote baada ya kuyavuka mawimbi yanayoachwa na boti, kwa sababu hapo ndipo anapoliona boya na kuingiwa na hofu ya kutolifikia. Inatakiwa kinyume chake. Kazi nzito ifanyike kati ya boya ulilolitoka na mstari wa katikati; ukishavuka wimbi la pili, anza kulegeza mwegemeo taratibu, acha ski ibadilishe ubavu, na kasi uliyokwisha kuipata ikubebe hadi kwenye boya. Ukivuta hadi mwisho, utafika ukiwa na kasi kubwa na huna muda wa kuitumia.

Kuhusu mikono yako, niruhusu niseme kwa uwazi, kwa kuwa mimi mwenyewe niliumia bega kwa kosa hilohilo na nikakaa nje ya maji msimu mzima. Mwenye misuli hukunja viwiko. Akikunja viwiko, mpini wa kamba humkaribia kifuani, mabega huvutwa kuelekea boti, kiuno hurudi nyuma, na mzigo wote unaotakiwa kubebwa na miguu na mgongo huangukia kwenye mabega mawili. Mikono inyooke kama kamba iliyorefushwa, mpini ukae karibu na kiuno, na kiuno kisogee kuufuata mpini. Vyuma vyako viendelee, lakini vielekeze kwenye mgongo, mapaja na vidole vya kushikia.

Mwendo nashauri uushushe hadi kilomita 40 kwa saa. Utapata sekunde 3.7 kutoka boya hadi boya, yaani karibu nusu sekunde zaidi kila mara, na nusu sekunde katika mchezo huu ni nafasi ya kufikiri. Kwa mtu mzima, mwendo huo unahitaji ski pana kidogo isiyozama, ambayo mara nyingi huazimwa palepale bwawani, na ndiyo sababu nakukataza ile ngumu na nyembamba ya mashindano, ambayo imetengenezwa kwa ajili ya kasi usiyokuwa nayo bado. Katika mashindano wanaume hupandishiwa mwendo kwa kilomita 3 kila wanapomaliza maboya yote 6, hadi kilomita 58 kwa saa, na wanawake hadi 55. Wakifika hapo mwendo haupandi tena, bali kamba hufupishwa, kutoka mita 18.25 kwenda 16, 14.25, 13, 12 na kuendelea. Kamba ikifika mita 11.25 imekuwa fupi kuliko umbali wa boya kutoka njia ya boti, na sehemu iliyobaki lazima ijazwe na mwili wenyewe uliolala juu ya maji na mkono mmoja ulionyooshwa. Sijaona jambo zuri zaidi ya hilo katika mchezo wowote. Hata hivyo hakuna anayelifikia kwa kununua kifaa. Ralph Samuelson, kijana wa miaka 18 aliyeuanzisha mchezo wa ski za maji katika Ziwa Pepin, Minnesota, mwaka 1922, alijaribu mbao za pipa na ski za theluji bila mafanikio; alisimama juu ya maji alipopata mbao pana zilizopindwa ncha na kujifunza kuegemea nyuma akiziacha ncha hizo juu.

Sasa miezi 11 ya Dodoma. Usiione kuwa miezi iliyopotea. Funga kamba imara kwenye mkwaju au mti mwingine wowote usiotikisika, katika usawa wa kifua, weka kijiti cha mpini, kisha egemea kama unavyoegemea nyuma ya boti: mguu mmoja mbele ya mwingine katika mstari mmoja, magoti laini, kiuno mbele, mabega mbali na mti, macho yakitazama mbele na si miguuni. Kaa hivyo hadi mapaja yatetemeke, pumzika, badilisha upande. Kisha zoeza mgeuko: achia mkono mmoja, mwingine uusogeze mbele pole kuelekea mtini bila kuiruhusu kamba kulegea, na urudishe mpini kiunoni kabla hujaegemea upande wa pili.

Tena mnayo neema ambayo watu wa pwani hawana, nayo ni ardhi tambarare iliyo wazi. Pima uwanja wa slalomu kwa mawe, mita 259 kamili, na maboya yako 6 yawe madebe. Uendeshe kwa baiskeli alfajiri, na kwa kila upande useme kwa sauti: vuta, legeza, geuka. Mwanzoni utajiona umechelewa hata kwa baiskeli. Endelea hadi mwili ujue wenyewe kwamba kazi inaisha katikati ya njia. Ukirudi majini, usianze na maboya yote. Hesabu mafanikio yako kwa geti.

Swali: Mheshimiwa Mhariri, sisi ni marafiki wanne wa Kikuyu, Dodoma, tuliowahi kucheza ski za maji na tunaotamani kuchangishana fedha tununue boti ndogo. Je, Bwawa la Hombolo au la Mtera linafaa kuwekwa maboya?

Jibu: Ndugu zangu, Mtera naliondoa mara moja. Ni bwawa la kuzalisha umeme lililojengwa kwenye Ruaha Mkuu, kina chake hupanda na kushuka kwa mvua na kwa matumizi ya mitambo, lina mashina ya miti iliyokufa ndani ya maji, na lina viboko na mamba. Mchezaji wa slalomu huanguka mara nyingi, na kila akianguka hukaa akielea hadi boti imrudie. Mahali pa namna hiyo si pa kuelea.

Hombolo linahitaji jibu refu zaidi. Mkifikiria maji tu, uwanja wenyewe na nafasi ya boti kuanzia na kusimamia hudai zaidi ya nusu kilomita ya maji yaliyonyooka na yenye kina cha kutosha, na kina hicho lazima kipimwe mwishoni mwa kiangazi, si Aprili baada ya mvua. Upepo wa kiangazi wa Dodoma mnaujua. Utawaachia saa moja au mbili za asubuhi na hakuna zaidi, kwa kuwa slalomu haichezwi juu ya maji yenye mikunjo.

Lakini linalonitia wasiwasi zaidi ni kichocho, ugonjwa ambao katika mabwawa yetu yasiyo na mkondo haupaswi kudharauliwa. Viluwiluwi vya vimelea vyake hutoka kwa konokono wa majini, hasa jua linapopanda, na vinaweza kupenya ngozi ndani ya dakika chache. Konokono hukaa zaidi kandokando, penye majani na maji ya kina kifupi, yaani palepale ambapo watu huingilia majini wakiwa wamebeba ski. Anayelazimika kuingia aingie kutoka kwenye boti, mbali na ukingo, mapema asubuhi, ajikaushe mara moja, na ajue kwamba hayo yote hupunguza hatari bila kuiondoa. Aende kituo cha afya wiki 6 hadi 8 baadaye, hata kama hasikii maumivu, aeleze kuwa aliingia bwawani. Dawa ya kichocho, prazikwanteli, huua minyoo iliyokomaa, wala haina nguvu ya kutosha kwa iliyo michanga, na ndiyo maana muda huo una umuhimu.

Kisha kuna wenyeji. Wavuvi wana nyavu zao humo na wakulima wanategemea maji hayo, kwa hiyo boti yenye mawimbi inayopita huku na huko kila asubuhi lazima ikubaliwe nao kwanza. Anzeni na serikali ya eneo, mwende Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, na kuhusu ukaguzi na usajili wa chombo liulizeni Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC). Boti iwe ya mwisho kununuliwa. Kama ni fedha zangu, mwaka wa kwanza ningezitumia kwa nauli ya kwenda penye uwanja uliokwisha kupangwa na dereva anayejua kushika mwendo, kwa kuwa dereva anayeyumba huharibu mchezaji mzuri kuliko ski mbovu.

Swali: Mhariri, mimi ni mama mkazi wa Nkuhungu. Binti yangu wa miaka 12 alimwona mjomba wake akicheza mchezo huu na sasa haongei jambo jingine. Hajui kuogelea. Nimkatalie?

Jibu: Usimkatalie, mama. Mwambie kwamba ski itakuja baada ya kuogelea, na umpeleke kwenye bwawa la kuogelea lenye mwalimu hadi aweze kuelea na kutulia akiwa ametumbukia ghafla, jambo ambalo ni gumu kuliko kuogelea kwa mwendo. Siku ya kwanza ya ski avae jaketi okozi linalombana sawasawa, aanze na ski mbili, na ndani ya boti wawepo watu wazima wawili: mmoja aendeshe akitazama mbele, mwingine asiondoe macho kwa mtoto. Kabla hajaingia majini ajue ishara nne kwa moyo: kidole gumba juu, mwendo uongezwe, kidole gumba chini, upunguzwe, mkono ukipita shingoni, boti isimame, na mikono miwili ikiunganishwa juu ya kichwa baada ya kuanguka, niko salama. Hiyo ya mwisho mzoeze nyumbani, mara nyingi, hadi aifanye bila kukumbushwa.