Usizifungue hizo boksi za diski

Yakhe, simama hapo hapo. Hata ile nailoni ya juu usiitoe.

Nimesoma ulichoandika mara mbili. Umepata Atari 1040STE nzima, ile kompyuta ya zamani, una kinanda cha Korg M1 na vingine viwili, wataka kutengeneza midi (nyimbo ambazo kompyuta huvipigisha vinanda) za kundi lako la harusi huko Kisauni. Wauliza kebo, wauliza kama TV ya nyumbani itafaa, wauliza na mambo ya chaneli. Sawa. Lakini nilipofika pale ulipojisifu kwamba umeokota boksi tano za diski za HD (floppy za kubeba mara mbili ya zile za DD) kwa bei ya kutupa, na kwamba nyimbo zote zitakaa humo, chai ilinipalia.

Boksi hizo hizo nilinunua mimi. Ilikuwa 2001, kwa jamaa mmoja upande wa Mwembe Tayari, duka la juu la kupanda ngazi. Nilimuuliza kwa Kiswahili kisichotaka mkalimani: mashine yangu yataka DD, na hizi zimeandikwa HD, zitafaa? Akanitazama kama niliyeuliza iwapo maji ya Likoni yana chumvi. "Diski ni diski, mwanangu. Tena hizi bora, zabeba mara mbili." Na mimi, mtu mzima na ndevu zangu, nikalipa, nikamwambia na ahsante.

Sasa sikiza kwa nini uongo ule ulikuwa mtamu. Ukiichomeka HD kwenye Atari, inakubali! Ile mashine haina hata habari ya tundu la pili kwenye pembe ya diski, lile la kuonyesha kuwa ni HD. Inaifomati kama DD, 720K, unahifadhi wimbo, unauita, unakuja. Kesho unakuja. Mwezi ujao unakuja. Unaanza kumuombea dua muuzaji. Lakini ule utando wa sumaku wa HD umetengenezwa uandikwe kwa nguvu zaidi ya ile inayotoka kwenye kichwa cha draivu ya DD. Kwa hivyo maandishi yanashika juu juu tu, kama chaki kwenye ukuta wa chokaa. Siku unapoyahitaji ndipo yanapokwisha. Ingekataa siku ya kwanza ningekasirika, ningeirudisha dukani, na leo tusingekuwa tukizungumza.

Nyimbo zangu zilikuwa 27. Usicheke, nyimbo za midi ni nyepesi, diski moja hubeba chungu nzima, na ndiyo maana mtu mmoja mjinga aweza kupoteza nyingi kwa mpigo. Ngoma na besi sikuzililia, hizo nilizipiga mwenyewe na hazikuwa za ajabu. Kilichoniuma ni mzee wetu wa kodiani. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kuuma, kodiani lenyewe hawezi tena kulivuta kwa muda mrefu, basi tukamkalisha kwenye kinanda, tukaweka sauti ya kodiani, akapiga nyimbo tisa kwa jioni mbili. Midi hairekodi sauti, wajua, inarekodi mkono: noti gani, imebonyezwa kwa nguvu gani, imeachiwa lini. Alikuwa na tabia ya kuingia nyuma ya ngoma kidogo, makusudi, mpaka unadhani amepotea, halafu anakukuta mbele. Yote hayo yalikuwa mle ndani. Ningeweza leo kuyapeleka kwenye chombo chochote nipendacho na mkono ungekuwa wake.

Alifariki 2006. Familia wakaja kuniomba zile nyimbo kwa ajili ya kumbukumbu yake. Nikawasha Atari, nikatia diski ya kwanza. Draivu ikakwaruza, ikakwaruza, halafu likatokea lile dirisha dogo la kusema data kwenye diski A huenda imeharibika. Ya pili vivyo hivyo. Ya tano ikanionyesha majina ya nyimbo zote, na hakuna hata moja iliyofunguka. Bora ingeninyima na majina.

Nilijidanganya mwanzo kwamba ni unyevu. Na unyevu upo, hapa pwani nani asiyejua, nyumba yetu Mji wa Kale hata viatu vya ngozi vinaota ukungu kabatini. Baadhi ya diski ukisogeza kile kibati chake unaona madoadoa meupe. (Hizo usizitie kwenye draivu kabisa, zinachafua kichwa na kichwa kinakwenda kuharibu nzima.) Lakini ndani ya bati lile lile la biskuti zilikuwamo DD tatu kuukuu zilizokuja na mashine, za aliyekuwa nayo kabla yangu. Zote tatu zilisoma. Bati moja, kabati moja, ukungu mmoja. Sasa niambie diski ni diski.

Na kuna mwerevu kwenye majibu ya hapo juu amekushauri uzibe lile tundu kwa tepu. Kaka, tepu inaidanganya draivu ya PC tu ili iamini ni DD. Utando wa sumaku haudanganyiki kwa tepu. Nilizungusha rola nzima, najua ninachosema. Wakati ule hata mke wangu akitafuta tepu ya kufungia zawadi alikuwa anaanza kwenye meza yangu.

Kosa la pili lilikuwa langu mwenyewe, siwezi kumtupia muuzaji. Nilikuwa nahifadhi kwa faili la Notator peke yake (ndiyo programu niliyorekodia midi), .SON, kwa sababu ndivyo programu inavyopendekeza na mimi nilikuwa na haraka ya kwenda kula. Faili hilo lataka Notator, na Notator yataka ule ufunguo wake wa kuchomeka ubavuni. Ufunguo ukiungua, huna wimbo hata kama diski ni nzima. Na ule ufunguo huungua kirahisi: usiuchomoe wala kuuchomeka mashine ikiwa imewaka, kamwe. Kumbe tangu 1988 kuna faili la midi la kawaida, .MID, ambalo hata laptop ya mtoto wa shule hulifungua. Kulihifadhi ni dakika moja. Dakika moja mara nyimbo 27, hesabu mwenyewe, hata mechi haijafika mapumziko.

Kwa hivyo studioni kwangu sheria ni moja na imebandikwa ukutani: Atari haizimwi mpaka wimbo ulale kwenye mashine nyingine. Hata msanii awe amesimama mlangoni na tuktuk inamngoja. Hata stima iwe imeshapepesa mara mbili, tena hapo ndipo ufanye haraka zaidi.

Namna ya kufanya: pesa za boksi tano rudisha, ununue Gotek. Hicho ni kisanduku kinachokaa mahali pa draivu na kinasoma USB, Atari inadhani ni diski. Hakikisha kimewekwa programu ya FlashFloppy au HxC, kile kitupu cha dukani kitakuchosha. Huenda ukalazimika kuchonga plastiki kidogo, usiogope. Ukimaliza kazi, hifadhi .SON yako kama kawaida, halafu hifadhi na .MID, chomoa USB, nakili kwenye laptop. Lile faili la .ST, ambalo ni nakala ya diski nzima, linafunguka hata ndani ya Hatari, programu ya kuiga Atari kwenye kompyuta ya kawaida. Na ukishindwa yote hayo, toa kebo ya MIDI Out uingize kwenye kompyuta nyingine inayorekodi, upige wimbo mwanzo hadi mwisho. Ni polepole lakini ni nakala.

Hayo ya TV: kama ni Notator, sahau, yataka skrini ya mono (nyeusi na nyeupe) ya 640 kwa 400, tafuta SM124, skrini ya Atari wenyewe, au waya wa kupeleka kwenye skrini ya VGA inayokubali. Kebo za midi ni zile za pini tano, chukua fupi. MIDI Out ni moja yenye chaneli 16, vinanda vyako vitatu utavifuatanisha kwa Thru, ile soketi ya kupitishia midi kwenda kinanda kinachofuata. Uliuliza na jambo lingine la kuchelewa kwa noti nafikiri, sijalirudia, lakini Atari ndiyo mashine ya mwisho ya kuilalamikia kwa hilo, soketi za midi zimo ndani ya Atari za aina hii ya ST tangu 1985.

Sasa jibu hili kwanza, mengine baadaye: boksi umenunua wapi? Kama ni duka la juu, la kupanda ngazi, upande wa Mwembe Tayari, usipoteze nauli ya kuzirudisha. Mimi nilikwenda na diski zangu zote 2006. Akazipokea moja moja, akazigeuza, akaniambia, "Lakini hizi ni HD. Mashine yako si ilitaka DD?"