Nilinunua loki mbili za difu, ya pili ndiyo iliyobaki

Pikapu yangu ni Hilux ya dizeli, dabo kabini, ya kawaida tu. Asubuhi inapeleka watoto shule mjini Arusha, Jumanne na Ijumaa inabeba dawa za mifugo kwenda Simanjiro, Jumapili inapaki kanisani. Nikipiga hesabu, kati ya kilomita kumi inazotembea, nane ni za lami. Hesabu hiyo ndiyo ningeanza nayo kabla ya kununua loki, kile kifaa kinachofunga tairi mbili za ekseli moja zizunguke pamoja. Mimi nilianza na hasira.

Hasira yenyewe niliipata karibu na Terrat, masika yamekolea. Kuna korongo ambalo wakati wa kiangazi unalivuka bila hata kubadili gia. Siku hiyo maji yalikuwa yamelichimba, nikaliingia kwa mshazari, na gari likakaa kama meza mbovu: tairi la nyuma kushoto hewani, la mbele kulia limegusa ardhi kwa jina tu. Nikaweka fowili, nikakanyaga mafuta. Mshale wa spidi ukapanda mpaka 30, injini inalia, gari halijasogea hata unene wa kidole. Nikashuka kuangalia. Tairi lililoning'inia linazunguka kama feni. Mwenzake wa kulia, aliyekaa kwenye ardhi kavu na ngumu, ametulia kama mgeni mwalikwa.

Difu ya kawaida, lile boksi la gia katikati ya ekseli, ndivyo ilivyo. Ndani yake kuna gia ndogo za spaida, na kazi yake ni kuruhusu tairi la nje lizunguke zaidi kuliko la ndani unapokata kona. Bila hizo, kila kona ingekuwa vita kati ya tairi na lami. Shida ni kwamba inagawa nguvu sawa pande zote mbili, na tairi lililo hewani halidai nguvu yoyote, kwa hiyo na lililo chini linapata hiyo hiyo isiyo kitu. Tena linalozunguka peke yake linakwenda mara mbili ya spidi unayosoma. Mshale unasema 30, tairi linakimbia 60. Wanaokanyaga mpaka mwisho wakiwa wamekwama ndio wanaoua spaida, halafu wanasema spea za siku hizi ni za karatasi.

Nilikwamuliwa saa tatu usiku, na trekta. Kesho yake nikaanza kutafuta loki.

Ukiwa kwenye hali hiyo, kabla hujatoa hela kaa chini ukumbuke ulikwama mara ngapi, na kwa sababu gani hasa. Mimi nilikuja kufanya hesabu hiyo baadaye sana. Mara tano kwa misimu miwili. Mara tatu kati ya hizo tairi zote nne zilikuwa chini. Tairi zangu za lami zilikuwa zimeshiba ule udongo mweusi wa mbuga mpaka hazina meno tena, na safari moja gari lilikuwa limelalia tumbo kabisa. Hapo hata ungefunga loki mbele na nyuma, ungepata matairi manne yanayozunguka mahali pamoja badala ya mawili. Mara mbili tu ndizo zilikuwa kesi ya tairi hewani, ambayo ndiyo kazi ya loki. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya tatizo langu dawa yake ilikuwa tairi za matope na kipimo cha upepo. Ukishusha upepo mpaka kama 18 au 20 psi kwenye matope au mchanga, gari linakuwa jingine. Ila uwe na namna ya kuujaza kabla ya kurudi lami.

Kuna na ujanja wa bure. Ikiwa tairi moja la nyuma linazunguka hewani, vuta breki ya mkono kidogo, meno mawili matatu, huku ukikanyaga mafuta taratibu. Breki inalipatia lile tairi la hewani kazi ya kufanya, na nguvu inavuka upande wa pili. Haifanyi miujiza, lakini imenitoa kwenye mtaro zaidi ya mara moja. Magari mapya kiasi yanafanya jambo hilo hilo yenyewe kwa kompyuta: yanakamata breki ya tairi linaloteleza. Kama lako linayo, lijaribu kwanza kwenye korongo la karibu na nyumbani, mguu ukiwa umetulia kwenye mafuta na usiachie linapoanza kugunaguna. Huenda ukaghairi kununua.

Mimi sikujaribu chochote. Nilikwenda gereji.

Fundi wa kwanza aliniambia, "Bosi, hela ya nini? Naichomelea hii sasa hivi, jioni unachukua gari." Alimaanisha kuchomelea gia za spaida ziwe kitu kimoja na krauni, ile gia kubwa inayozungusha difu. Ndiyo, watu wanafanya. Kwa gari la shamba lisilogusa lami sina neno. Kwa gari linalopeleka watoto shule ni wazimu: kila kona tairi moja linaburuzwa, hafu shafti, ile inayozungusha tairi, inapindwa mpaka siku itakapokatika, na vipande vya weldi vikidondoka ndani vinakwenda kuishi kwenye beringi. Nilikataa, lakini nilichofanya baada ya hapo hakikuwa na akili zaidi sana.

Nilinunua loki ya kujifunga yenyewe. Ni ile inayoingia ndani ya nyumba ya difu uliyonayo, unatoa spaida unaweka yenyewe, krauni haiguswi. Bei yake ilikuwa ndogo, kazi ya siku moja, hakuna waya wala mpira wa upepo. Inafanya hivi: ukikanyaga mafuta imefunga, tairi zote mbili zinakwenda pamoja. Ukikata kona, tairi la nje linapotaka kukimbia zaidi, meno yanaruka na kuliachia. Na porini, sitaidanganya nafsi yangu, ilikuwa tamu. Lile korongo nililivuka kama daraja.

Kisha nikarudi mjini. Kiplefti ya kwanza tu, ka-ka-ka-ka kutoka nyuma. Mwanangu wa pili akauliza, "Baba, nini kinagonga?" Nikamwambia ni loki. Kesho yake akauliza tena. Kwenye kupaki, usukani umekunjwa mpaka mwisho, gari linakataa kisha linaruka kwa kishindo, askari wa getini ananiangalia kama nimegonga mtu. Nikiachia mafuta katikati ya kona na kukanyaga tena, mkia unasogea upande, kidogo tu, lakini mke wangu alikuwa akishika mlango. Na gia ya mkono inafanya yote hayo yasikike zaidi kuliko otomatiki. Tairi za nyuma zilikwisha kabla ya wakati, sikuhitaji fundi kuniambia kwa nini.

Haya yote ningeyavumilia. Iliyonishinda ni asubuhi moja ya manyunyu, lami imelowa baada ya kiangazi kirefu, mafuta na vumbi vimekuwa sabuni. Natoka kwenye kiplefti, nyuma hakuna mzigo, nikakanyaga kidogo zaidi. Mkia ukaondoka. Nikajikuta natazama nilikotoka, bodaboda mbili zimesimama umbali wa mkono, watoto kimya. Kwa difu ya kawaida, tairi moja likiteleza mwenzake anabaki ameshika lami na kuuzuia mkia. Ikiwa yamefungwa pamoja, yanateleza pamoja. Gari likiwa na mzigo hulioni hili. Pikapu tupu kwenye mvua ndiyo inayokuonyesha.

Sisemi loki za namna ile ni mbaya. Nasema mimi nilinunua kwa ajili ya zile kilomita mbili na kuzisahau nane.

Baada ya hapo nilifikiria difu ya gia za mshazari, jamii ya Torsen na Truetrac. Hiyo ni ya kistaarabu kweli. Haigongi, haihitaji swichi, kwenye mvua inasaidia badala ya kutisha. Kama barabara zako ni changarawe, vumbi lenye mawimbi ya bati na matope ya kawaida, ningekushauri uishie hapo. Lakini inafanya kazi kwa kuzidisha nguvu ya tairi dhaifu, na tairi lililo hewani kabisa nguvu yake ni sifuri, na sifuri ukiizidisha unaijua jibu lake. Inabidi uisaidie kwa breki. Makorongo ya Simanjiro yananinyanyua tairi kila wiki, kwa hiyo haikunifaa.

Iliyobaki ni ya kufunga kwa swichi. Swichi ikiwa imezimwa, una difu ya kawaida kabisa na gari la kawaida kabisa. Ukiwasha, ekseli yote ni kitu kimoja. Zipo za upepo, ARB ya Australia ikiwa ndiyo inayojulikana zaidi huku kwetu, na zipo za umeme. Ya umeme ina vitu vichache vya kuharibika, kama waya na swichi. Ya upepo inataka kompresa, mpira mwembamba unaopita chini ya gari mpaka kwenye difu, na sili za ndani ambazo zikichoka upepo unaingia kwenye mafuta ya difu na kuyatapisha kwenye tundu la kupumulia. Nilichagua ya upepo kwa sababu moja ya kibahili: kompresa hiyo hiyo inajaza tairi.

Njia ya tatu ni kutafuta mtumba, difu nzima ya nyuma yenye loki ya kiwandani, kutoka kwenye spea zinazoletwa toka Japani au Dubai. Ni njia nzuri ukiwa na macho. Kwanza hakikisha uwiano wa gia unalingana na difu yako ya mbele, la sivyo siku utakayoweka fowili mbele na nyuma vitavutana. Kujua uwiano wa gari lako, weka gia huru, funga tairi za mbele kwa mawe, inua tairi moja la nyuma kwa jeki. Tia alama ya chaki kwenye tairi na kwenye propela, ile shafti ndefu inayoleta nguvu kwenye difu. Zungusha tairi mizunguko miwili kamili huku mtu akihesabu propela. Ikizunguka mara nne na kitu kidogo, una 4.1. Ikikosa kidogo tu kufika nne, una 3.9. Pili, uliza kuhusu mota ya umeme inayoifunga loki. Mota za Toyota zinakufa kwa kutotumika, maji yanaingia, kutu inashika, na muuzaji hawezi kukuonyesha ikifanya kazi mezani asipokuwa na betri. Beba betri.

Kuifunga ndiko kulikonitoa jasho. Loki ya swichi inabadilisha nyumba yote ya difu, krauni inatolewa na kurudishwa. Ile nafasi kati ya meno ya krauni na pinioni, gia ndogo inayoizungusha, kwenye difu ya Toyota ya inchi 8, ni kama milimita 0.13 hadi 0.18. Huipimi kwa kidole. Nilizunguka gereji tatu nikiuliza swali moja, "Fundi, unapima kwa nini?" Wawili walinijibu kwa uzoefu. Wa tatu alifungua kabati akatoa geji yenye mshale, na kopo la rangi ya njano ya kupaka meno ili aone yanagusana wapi. Nikampa funguo. Alikaa na gari siku mbili, akalalamika juu ya shimu zangu, vile vyuma vyembamba vya kurekebishia nafasi hiyo, siku zote mbili. Baada ya kilomita 800 nikamwaga mafuta, yalikuwa na unga wa chuma, nikaweka mapya.

Matumizi yake hayahitaji darasa. Simama, washa, kisha ondoka. Usiwashe tairi linazunguka, meno hayatakusamehe. Zima ukishavuka, maana loki ikiwa imefunga usukani unakuwa mzito na gari linataka kwenda mbele tu. Na kwenye mteremko wa kando, udongo umelowa, izime hata kama unateleza: tairi zote mbili za nyuma zikianza kuzunguka, mkia unashuka bondeni wote kwa pamoja. Hilo nilijifunza Monduli, nikiwa na mzigo wa dawa za majosho nyuma na mtaro upande wa kushoto.

Kila mwisho wa mwezi naiwasha hata kama sijakwama, kwenye barabara ya vumbi nyuma ya nyumba, mita kama hamsini. Yule mwanangu wa pili ndiye anayebonyeza swichi. Anasubiri taa iwake kwenye dashibodi, anasikiliza kompresa ikikata, kisha ananiambia twende.

Watu wananiuliza kuhusu loki ya mbele. Sijaweka. Hela yake nilinunulia tairi.