Kuku wa kienyeji: chakula chake na namna ya kumpika
Dada, umeuliza kama kuku wa kienyeji anayejitafutia uani huko Kisauni anahitaji chakula cha dukani, na kwa nini nyama yake inachelewa kuiva. Kuku huyo hula mchwa, panzi, minyoo, mbegu za nyasi, majani mabichi na makombo, tena humeza vijiwe vinavyosaga chakula ndani ya firigisi. Mtupie mahindi kidogo jioni, naye atazoea kurudi bandani. Nyama huwa ngumu kwa kuwa hutembea sana na aghalabu huchinjwa akiwa mkubwa. Kwa hiyo mchemshe taratibu kwa thomu, tangawizi na chumvi hadi alainike (papai bichi husaidia, ingawa mimi silipendi), ndipo umchome makaani na kumpaka tui zito lenye bizari, ambalo ulikoroge mfululizo likiwa motoni lisije likakatika.